Barua ya wazi kwa wenye mamlaka juu ya afya, chakula na mipango ya miji: msimwachie mgonjwa peke yake mzigo wa lishe na mazoezi

Waheshimiwa mnaosimamia afya, viwango vya chakula, elimu, fedha na mipango ya miji,

Nawaandikia nikiwa mshauri wa lishe, mtu ambaye kazi yake ni kuketi na wagonjwa wa kisukari, shinikizo la damu na moyo na kuzungumza nao juu ya chakula na mazoezi ya mwili. Barua hii naielekeza kwenu badala ya kuielekeza kwao kwa sababu sehemu kubwa ya yale ninayowaomba wayafanye haimo katika uwezo wao, ila imo katika uwezo wenu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba magonjwa yasiyoambukiza, yaani maradhi ya moyo na mishipa ya damu, saratani, kisukari, maradhi sugu ya mapafu na mengine ya aina hiyo, husababisha karibu robo tatu ya vifo vyote duniani, na kwamba takriban watu milioni 18 kila mwaka hufa kwa magonjwa hayo kabla ya kutimiza umri wa miaka 70. Takwimu hizo mnazo. Mnajua pia kwamba lishe mbaya na ukosefu wa mazoezi vimo katika orodha fupi ya visababishi vikuu, pamoja na tumbaku, pombe na hewa chafu. Hata hivyo, hatua ambayo umma huiona mara nyingi ni ile ile: siku maalumu ya mazoezi yenye hotuba, bango linalomtaka mwananchi ale vizuri, kisha kimya mpaka mwaka mwingine. Ushauri kwa mtu mmoja mmoja una nafasi yake, na ndio kazi yangu, lakini historia ya elimu ya lishe inaonyesha kwamba mafanikio makubwa yalipatikana pale wenye mamlaka walipobadilisha kilichomo ndani ya chakula cha watu wote na namna siku ya watu wote inavyopangwa. Kila walipokawia, waliolipa ni wale ambao hawakuwa na sauti katika uamuzi huo.

Mfano wa zamani zaidi unajulikana na kila anayesoma lishe. Mwaka 1747 James Lind, daktari wa meli ya kivita ya Uingereza iliyoitwa Salisbury, aliwachukua mabaharia 12 waliougua kiseyeye, ugonjwa unaoozesha fizi na kuvujisha damu, akawagawa wawili wawili, na kila jozi akaipa tiba tofauti. Wawili waliopewa machungwa na malimau walipata nafuu ndani ya siku chache, na mmoja wao akarudi kazini siku ya sita. Leo tunajua sababu: mwili wa binadamu hauwezi kujitengenezea vitamini C, na bila vitamini hiyo hauwezi kutengeneza vizuri kolajeni, protini inayoshikilia ngozi, fizi na kuta za mishipa ya damu. Lind alichapisha matokeo yake mwaka 1753, lakini jeshi la majini halikuagiza maji ya malimau yatolewe kwa mabaharia mpaka mwaka 1795, mwaka mmoja baada ya yeye kufariki. Ni haki kusema kwamba Lind mwenyewe alichangia ucheleweshaji huo, kwa sababu hakusimamia matokeo yake kwa uthabiti, na maji ya matunda aliyopendekeza yahifadhiwe kwa kuchemshwa yalipoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Lakini miaka zaidi ya 40 ni muda mrefu, na kiseyeye hakikungoja.

Mtasema hayo yalikuwa ya karne ya 18, kabla ya maabara na kabla ya neno vitamini kuwapo, kwa kuwa lilianza kutumika mwaka 1912. Basi tuangalie jambo la karibu zaidi, ambalo kwangu ndilo linaloumiza kuliko yote. Mwaka 1991 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika katika nchi saba, likiongozwa kutoka Uingereza, kwa wanawake waliokuwa wamewahi kupata ujauzito wa mtoto mwenye kasoro ya uti wa mgongo au ubongo, kama vile mgongo wazi. Wale waliopewa asidi ya foliki, ambayo ni mojawapo ya vitamini za kundi B, kabla ya kushika mimba na katika majuma ya mwanzo ya ujauzito, walipunguziwa hatari ya kasoro hiyo kujirudia kwa asilimia 72, kiasi kwamba jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake kwa kuwa lilikwisha kutoa jibu. Mrija wa neva unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hufungika ndani ya takriban siku 28 tangu mimba kutungwa, wakati ambapo wanawake wengi hawajajua kwamba ni wajawazito. Ndiyo maana ushauri unaotolewa kwenye kliniki ya wajawazito, hata ukitolewa kwa ufasaha wote, humfikia mama mlango ukiwa umeshafungwa. Njia inayowafikia wanawake wote kwa wakati ni kuitia vitamini hiyo kwenye unga unaoliwa na watu wote.

Marekani iliagiza hivyo kuanzia mwaka 1998, na visa vya kasoro hizo vikapungua kwa takriban theluthi moja. Uingereza, ambako jaribio lenyewe liliongozwa, serikali ilitangaza uamuzi wa kurutubisha unga mwaka 2021, na kanuni zake zikapitishwa mwaka 2024. Hoja zilizotajwa katika miaka hiyo yote hazikuwa za kipuuzi. Mojawapo ilikuwa hofu kwamba asidi ya foliki ingeweza kuficha dalili za upungufu wa vitamini B12 kwa wazee, na hofu ya namna hiyo inastahili kuchunguzwa kwa makini. Ila uchunguzi unapaswa kuwa na mwisho. Kila mwaka uliotumika kusubiri ripoti nyingine, walizaliwa watoto wenye ulemavu ambao ungeweza kuzuilika kwa kiasi cha vitamini kinachopimwa kwa mikrogramu 400 kwa siku, na wazazi wao hawakupata kuambiwa kwamba jambo hilo lilikuwa bado linajadiliwa ofisini.

Iwapo katika eneo lenu unga haurutubishwi, au sheria ya kuurutubisha ipo lakini hakuna anayepima sampuli kutoka viwandani, hilo ndilo ombi langu la kwanza. Sitalirefusha, kwa sababu njia imeshapitiwa na wengi. Uswisi ilianza kuongeza madini ya iodini kwenye chumvi mwaka 1922, na ugonjwa wa tezi la shingo pamoja na udumavu wa akili unaotokana na upungufu wa iodini, ambao ulikuwa umezoeleka katika mabonde ya milima yake, ulianza kutoweka kizazi baada ya kizazi. Utafiti uliofanywa Indonesia na Alfred Sommer na wenzake, uliochapishwa mwaka 1986, ulionyesha kwamba watoto waliopewa vitamini A walikufa kwa kiwango cha chini kwa takriban theluthi moja kuliko wasiopewa, jambo lililowashangaza wengi waliodhani vitamini hiyo ni ya macho tu.

Baada ya kuyasema hayo yote kwa kuzisifu vitamini, sina budi kusema upande wake wa pili, kwa kuwa nauona ukifanya madhara ya polepole na mamlaka zenu zikiwa kimya. Vitamini humsaidia aliyepungukiwa. Asiyepungukiwa haongezewi afya kwa kuongezewa vidonge, na mara nyingine hudhurika. Miaka ya 1980 na 1990 ilidhaniwa kwamba betakarotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, ingezuia saratani, kwa sababu watu wanaokula mboga na matunda kwa wingi hawaugui saratani ya mapafu sana. Nchini Finland wanaume wavutaji sigara 29,133 waliingizwa katika jaribio, na matokeo yaliyotolewa mwaka 1994 yalikuwa kinyume cha matarajio: waliopewa betakarotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Jaribio kama hilo nchini Marekani lilisimamishwa mapema mwaka 1996 kwa sababu ya madhara ya aina hiyo hiyo. Hivi karibuni zaidi, jaribio kubwa la vitamini D lililowahusisha watu wazima 25,871 nchini Marekani, kwa zaidi ya miaka mitano, halikuonyesha kwamba kidonge cha kila siku kinapunguza idadi ya wanaopatwa na saratani, mshtuko wa moyo au kiharusi miongoni mwa watu wa kawaida ambao wengi wao hawakuwa na upungufu.

Wako wanaohitaji vidonge, na ningependa jambo hili lisieleweke vibaya: wajawazito na wanaojiandaa kushika mimba, wasiokula kabisa vyakula vitokanavyo na wanyama ambao wanahitaji B12, wazee ambao matumbo yao hayafyonzi vizuri vitamini hiyo, wasiopata jua la kutosha, na wote ambao kipimo kimeonyesha wamepungukiwa. Hao washauriwe na wapewe, tena bila gharama pale inapowezekana. Lakini mgonjwa wa shinikizo la damu anayeacha dawa zake kwa sababu lebo ya chupa imemwahidi kwamba vidonge vya vitamini vitaisafisha mishipa yake, huyo ameachwa na sheria. Dawa ya hospitali haiwezi kuuzwa bila ushahidi, ilhali bidhaa inayodai kutibu maradhi yale yale huuzwa na kutangazwa kwa uhuru kwa kuwa tu imeandikwa kuwa ni kirutubishi cha nyongeza. Nawaomba mzibe mwanya huo. Anayedai kwamba bidhaa yake inatibu au inazuia ugonjwa alete ushahidi wake kabla ya kutangaza, na asiye nao alifute dai hilo.

Nirudi kwenye chakula chenyewe, ambako sehemu kubwa ya hatari inatoka kwa vitu tunavyovila bila kuvitia kwa mkono wetu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na wastani wa dunia ni karibu maradufu ya hapo. Katika vyakula vilivyosindikwa, chumvi hiyo imekwisha kutiwa kiwandani. Ninapomwambia mgonjwa apunguze chumvi, namwambia apunguze kitu asichokitia yeye. Mwenye kiwanda naye akipunguza peke yake, anaogopa kuwapoteza wateja kwa mshindani ambaye hajapunguza. Ni mamlaka tu inayoweza kuwashusha wote pamoja, kidogo kidogo, kwa kiwango na ratiba inayojulikana, na ulimi huzoea katika muda wa majuma kadhaa. Mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanyika katika vijiji 600 nchini China, kwa watu 20,995 waliokuwa na historia ya kiharusi au waliokuwa na umri mkubwa na shinikizo la damu la juu. Nusu ya vijiji vilipewa chumvi ambayo robo yake ilikuwa kloridi ya potasiamu badala ya kloridi ya sodiamu, ambayo ndiyo chumvi ya kawaida, na katika vijiji hivyo kiharusi kilipungua kwa asilimia 14. Hakukuwa na dawa mpya wala mashine, ila chumvi yenye mchanganyiko tofauti ndani ya chombo kile kile cha jikoni. Tahadhari ipo kwa wenye ugonjwa wa figo, ambao potasiamu nyingi inaweza kuwadhuru, na tahadhari hiyo iandikwe kwenye pakiti kwa herufi zinazosomeka.

Nchini Finland, katika jimbo la North Karelia, vifo vya ugonjwa wa moyo miongoni mwa wanaume wa umri wa kufanya kazi vilikuwa miongoni mwa vilivyozidi duniani. Mwaka 1972 wananchi wenyewe walikuwa wamekwisha kuiomba serikali yao ichukue hatua, na serikali ikawasikiliza. Mradi ulioongozwa na daktari kijana, Pekka Puska, haukukaa hospitalini. Uliingia mashuleni, kwenye vyama vya akina mama, kwa wazalishaji wa maziwa na nyama, kwa wauza vyakula, na hatimaye kwenye sheria za tumbaku na lebo za chumvi. Katika miongo minne vifo hivyo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Dawa na matibabu vilichangia, lakini sehemu kubwa zaidi ya mabadiliko ilitokana na kushuka kwa kolesteroli, shinikizo la damu na uvutaji sigara katika jamii nzima. Naipenda habari hii kwa sababu moja zaidi: haikuhitaji kila mtu awe na nidhamu ya kipekee. Ilihitaji chakula kilicho karibu na mtu kiwe tofauti na kile kilichokuwapo.

Hilo hilo ni kweli kwa mazoezi. Mwaka 1953 Jerry Morris na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa mjini London. Dereva alikaa kwenye kiti siku nzima, na kondakta alipanda mamia ya vidato vya ngazi kwa siku akikusanya nauli. Makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa kiwango cha chini kuliko madereva, na waliopatwa, walipatwa kwa umri mkubwa zaidi. Watafiti hao hawakuridhika upesi. Walikwenda kuangalia vipimo vya sare, wakakuta kwamba madereva walikuwa na viuno vipana zaidi, lakini baadaye walionyesha kwamba tofauti ilibaki hata walipowalinganisha wembamba kwa wembamba na wanene kwa wanene. Kinachonigusa ni kwamba makondakta hawakujiandikisha mahali popote kufanya mazoezi. Kazi yenyewe iliwapandisha ngazi.

Tangu wakati huo tumejifunza mengi juu ya namna jambo hilo linavyofanya kazi. Msuli unaojikunja huvuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini inapokuwa dhaifu, na manufaa hayo huendelea kwa saa nyingi baada ya mtu kupumzika. Mishipa ya damu hulegea na shinikizo hushuka, mifupa inayobebeshwa uzito hubaki imara, na mzee aliyezoea kutembea na kufanya mazoezi ya nguvu hukawia kufikia siku ambayo hataweza kuinuka bila kusaidiwa. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 yanamtaka mtu mzima afanye dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au nusu ya muda huo akifanya mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi, na mtoto wa shule afikishe wastani wa dakika 60 kwa siku. Shirika hilo linakadiria kwamba mwaka 2022 watu wazima bilioni 1.8, yaani asilimia 31, hawakufikia kiwango hicho cha chini. Idadi kubwa hivyo haiwezi kuelezwa kwa uvivu. Mtu anayeishi mahali pasipo njia ya waenda kwa miguu, ambaye kuvuka barabara ni kuhatarisha maisha, ambaye mtaani kwake taa hazipo na mwanamke hawezi kutembea jioni bila hofu, hata akielewa kila neno la ushauri wangu, ataufanyia wapi? Nyinyi mnaopanga miji mnaandika sehemu ya historia ya moyo wake, na sidhani kama mmeambiwa hivyo.

Kuna ushahidi mmoja ambao ningependa kila mwenye kupanga bajeti ya afya ausome kabla ya kukaa mezani. Mwaka 2002 yalitolewa nchini Marekani matokeo ya jaribio lililowahusisha watu 3,234 waliokuwa na sukari iliyopanda lakini hawajafikia kiwango cha kisukari. Kundi moja lilipewa vidonge vya metformini, dawa ya kushusha sukari, jingine vidonge visivyo na dawa, na la tatu lilisaidiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufikisha dakika 150 za mazoezi kwa wiki. Metformini ilipunguza idadi ya waliopata kisukari kwa asilimia 31. Lishe na mazoezi vilipunguza kwa asilimia 58, na kwa wenye umri wa miaka 60 au zaidi, kwa asilimia 71. Kilichosahaulika mara nyingi ni namna matokeo hayo yalivyopatikana: kila mshiriki alikuwa na mtu wa kumfundisha na kumfuatilia, alipewa mafunzo 16 mwanzoni, na aliendelea kuitwa baadaye. Sisi tunampa mgonjwa dakika chache na karatasi, kisha anaporudi uzito ukiwa haujapungua, tunaandika kwenye faili kwamba hakufuata maelekezo. Naomba kazi ya ushauri wa lishe na mazoezi iwekewe fungu, watumishi na muda kama tiba nyingine, kwa sababu ni tiba.

Lipo pia suala la ofisi mbili zisizozungumza. Mara nyingi anayeshughulikia utapiamlo wa watoto ana bajeti yake, na anayeshughulikia kisukari na unene wa kupindukia ana yake, ilhali mwili ni mmoja. Uholanzi ilipatwa na njaa kali katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, na watoto waliokuwa tumboni mwa mama zao wakati huo walipochunguzwa wakiwa watu wazima wa takriban miaka 50, miili yao ilionekana kuimudu sukari vibaya kuliko wenzao waliotungwa mimba au kuzaliwa nje ya kipindi hicho. Njaa ya mama inaweza kuwa sehemu ya kisukari cha mwanawe nusu karne baadaye. Mpango wa lishe unaoanzia kwa mwanamke kabla ya ujauzito, ukapita katika unyonyeshaji na shule, ni mpango wa kuzuia kiharusi vilevile, na ungepaswa kusimamiwa hivyo.

Najua nyote mnabanwa na mambo mengi, na najua kwamba kila hatua niliyoitaja ina mtu atakayeipinga: mwenye kiwanda atazungumzia ajira, mtangazaji atazungumzia uhuru, na mtu wa fedha atauliza faida itaonekana lini. Wasikilizwe. Lakini wasikilizwe hadharani, na wanaouza bidhaa husika wasiketi katika kamati inayoandika viwango vya bidhaa hizo. Naomba jibu lenu nalo liwe la wazi kama barua hii, na liseme mambo manne kwa tarehe: lini viwango vya juu vya chumvi katika vyakula vilivyosindikwa vitatangazwa, lini unga utarutubishwa na nani atakayepima sampuli, lini madai ya tiba yatafutwa kwenye lebo za vidonge vya vitamini visivyo na ushahidi, na ni sehemu gani ya fedha za barabara za mwaka ujao itatumika kwa ajili ya watembea kwa miguu.

Nasubiri majibu hayo kwa heshima.

Wenu mtiifu,
Mshauri wa lishe